Zizi la Uzazi la Klinse-Za: Huduma Bora, Ardhi Ikachelewa

Zizi la uzazi la Klinse-Za, katika milima ya kaskazini-mashariki mwa British Columbia, Kanada, lilianzishwa mwaka 2014 na mataifa mawili ya wenyeji wa asili, West Moberly na Saulteau. Karibuu, wanyama wa nchi za baridi wa jamii ya kulungu, walikuwa wamebaki 38 tu katika kundi la Klinse-Za mwaka uliotangulia.

Utendaji wake unastahili sifa. Kila mwishoni mwa majira ya baridi baadhi ya majike wenye mimba hukamatwa kwa msaada wa helikopta na kuwekwa ndani ya ua wa kitambaa kizito na nyaya za umeme, ambako hulishwa likeni (viumbe kama mimea vinavyoota juu ya miti na mawe) zilizochumwa kwa mikono na wanajamii, huku walinzi wakikaa zamu ili mbwa mwitu na dubu wasisogee. Majike huzalia humo, na kiangazi hufunguliwa pamoja na ndama waliokwisha kupata miguu ya kukimbilia. Kufikia mwaka 2021 kundi lilikuwa na karibuu 101.

Hata hivyo, sifa hizo si za zizi peke yake. Mbwa mwitu wa eneo hilo wameuawa kwa miaka kadhaa, na bila hatua hiyo, ambayo hakuna anayeifurahia, ndama wengi wangeokolewa Agosti na kuliwa Desemba. Chanzo cha wingi wa mbwa mwitu ni binadamu: ukataji wa misitu ulileta machipukizi, machipukizi yakavuta kulungu wakubwa waitwao muzi, nao wakawavuta mbwa mwitu, ambao walirahisishiwa safari na barabara za kusafirishia magogo na za migodi. Kabla ya hapo, bwawa la W.A.C. Bennett, lililokamilika mwaka 1968, lilikuwa limezamisha bonde na kukata njia za kuhama za karibuu.

Kwa hiyo sehemu ya serikali ndiyo ninayoipa alama za chini, si kwa ubora bali kwa kuchelewa. Taifa la West Moberly lililazimika kwenda mahakamani kupinga uchimbaji wa makaa ya mawe katika makazi ya karibuu, na Mahakama ya Rufani ya jimbo la British Columbia ikakubaliana nalo mwaka 2011. Mkataba wa ushirikiano kati ya Kanada, jimbo na mataifa yote mawili ulitiwa saini Februari 2020, ukilinda au kuwekea masharti eneo la takriban kilomita za mraba 8,000. Ni mkataba mzuri, tena unajiwekea kipimo kigumu: karibuu wawe wengi kiasi cha wenyeji kuwinda tena, kama walivyoahidiwa katika Mkataba Namba 8 wa mwaka 1899 kati ya dola na wenyeji wa asili. West Moberly waliacha kuwawinda kwa hiari yao tangu miaka ya 1970.

Kwa kipimo hicho, karibuu mia moja bado ni wachache. Misitu iliyokatwa itachukua miongo kadhaa kufunga tena, na hadi hapo zizi litahitaji fedha, helikopta na watu wa kukesha kila mwaka.