Namba 146: tathmini ya George Kittle kama mzigo wa raundi za kati

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. George Kittle, taiti endi aliyechukuliwa na San Francisco 49ers akiwa namba 146, raundi ya 5, kwenye drafti ya 2017 (zamu ambazo timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, huchagua vijana wa vyuo), aliuzwa kwa bei ya kutupa, na faili lake la chuo lilikuwa limeshasema hivyo kabla jina lake halijaitwa. Kwa kilichoonekana wakati ule, bei yake ya haki ilikuwa mwisho wa raundi ya 3. Yadi 1,377 za kudaka alizokuja kuzipata msimu wa 2018 hatuziweki kwenye mizani. Huko ni kutabiri mvua ukiwa umeshalowa. Tunaupima mzigo ulivyokuwa mezani Aprili ile.

Kwa msomaji wa Kampala anayeijua raga kuliko futiboli ya Kimarekani: taiti endi ni loki anayedaiwa pia kudaka kama winga. Anasimama ubavuni mwa laini ya ushambuliaji, kando ya takeli, mzuiaji wa mwisho wa laini hiyo. Mchezo ukiwa wa kukimbia, anasukumana na endi wa ulinzi, yaani mlinzi wa ukingoni. Ukiwa wa kurusha, anachomoka na kwenda kuutafuta mpira katikati ya watu wenye nia mbaya. Wanaoziweza kazi zote mbili wakiwa na miaka 22 ni wachache, na hao huondoka mapema. Mwaka 2017 watatu walichukuliwa raundi ya 1: O.J. Howard namba 19, Evan Engram 23, David Njoku 29. Kuanzia raundi ya 3 mpaka ya 5 unakuwa uko kwenye soko la mitumba la Owino saa kumi jioni. Wenye pesa wameshachambua robota na kwenda zao. Kila nguo iliyobaki ina kasoro, na kazi yako ni kujua kama ni tundu au ni doa la kufulika.

Kasoro ya Kittle iliandikwa kwa herufi kubwa: hakuwa na takwimu. Misimu minne katika Chuo Kikuu cha Iowa, mipira 48 aliyodaka, yadi 737, tachidauni 10 (tachidauni ni kama trai ya raga). Mwaka wake wa mwisho alidaka 22 tu kwa yadi 314, na mguu ulimsumbua msimu ule. Mtu akiisoma karatasi hiyo peke yake atamweka raundi ya 6 na kulala usingizi.

Lakini takwimu za taiti endi wa chuo ni hesabu ya mambo mawili yaliyochanganywa: alichoshindwa na ambacho hakuulizwa. Iowa ya kocha Kirk Ferentz ni timu ya kukimbia na mpira. Taiti endi wake anaweka mkono chini, anazuia, na anatumwa kudaka pale tu walinzi wanapoanza kusahau kwamba yupo. Mipira 48 katika timu ya namna hiyo si sawa na mipira 48 katika timu inayorusha mara 45 kwa mechi. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu, chukua mechi zake nne, mbili kati ya hizo ziwe dhidi ya maendi wazuri wa ulinzi, ugawe kila mchezo kwenye mafungu manne: alizuia mbio, alimkinga kwotabeki (mrushaji wa mpira), alikimbia njia ya kudaka, alitumika kama chambo. Kwenye fungu la tatu ndipo uhesabu mipira. Ukikuta alikimbia njia mara chache na bado akadaka sehemu nzuri ya alichorushiwa, hilo ni doa. Ukikuta alitumwa kila mara na mpira haumfuati, hapo kwotabeki wake anamwona mazoezini kila siku na ameshatoa hukumu yake.

Sasa kuzuia, maana hapa ndipo faili la Kittle linapolipa deni lake lote. Ili uone kazi ilivyo, mweke mbele yake mtu wetu: Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. New York Giants walimchukua namba 32 mwaka 2006 akiwa endi wa ulinzi, mtu mrefu mwenye kilo kama 120. Taiti endi anatakiwa amsogeze mtu wa namna hiyo, bila kumshika.

Anza na hatua ya kwanza. Mpira ukianzishwa, mguu wa upande ambao mbio zinaelekea hutoka kwanza, hatua fupi kama shibiri, na lazima uwe umetua kabla vifua havijakutana. Hatua ikiwa ndefu, nyonga zinafunguka, uzito wote unabaki mguu mmoja, na endi anakuvuta bega na kupita ndani kama anapita mlangoni kwake. Kisha viganja: viingie ndani, chini ya kwapa za mwenzako, gumba zikitazama juu, viwiko vikibana mbavu zako. Mikono ikitua nje kwenye mabega, unapoteza mara mbili. Yeye anapata kifua chako, na refa anaona jezi inavutwa, yaani yadi 10 nyuma kwa kosa la kushika. Macho juu muda wote. Anayeinamisha kichwa hupigwa mkono wa kuogelea juu ya bega na kuachwa akisukuma hewa.

Mwisho miguu, na hapa ndipo vijana wengi wa chuo wanapoanguka. Wanagonga vizuri, sauti inasikika, halafu miguu inasimama kana kwamba kazi imeisha. Sitisha video pale wanapogongana, iachie sekunde mbili, uhesabu hatua. Mbili au tatu hazitoshi. Unataka mtu anayekanyaga mfululizo mpaka filimbi. Kittle alikuwa na sifa hiyo Iowa, na alikuwa nayo kwa ukali usio wa kawaida kwa mtu mwenye kasi yake. Wengi wenye kasi huzuia kwa adabu.

Kuna kipimo kingine cha wazuiaji kinachopuuzwa. Katika mbio za ukanda wa nje, ambapo laini nzima husogea upande mmoja, zile Iowa wanazozipenda, taiti endi na takeli humshambulia endi kwa pamoja, kisha mmoja humwacha na kupanda kwa lainibeka, mlinzi wa mstari wa pili. Akiondoka mapema, endi anachomoka na kumnasa mkimbiaji nyuma ya mstari. Akichelewa, lainibeka anafika kabla yake na mbio zinaishia yadi 2. Muda wa kuachia haufundishwi ubaoni, unajengwa kwa kurudia. Kijana aliyeufanya miaka mitatu anakuokoa karibu msimu mzima wa kufundisha. Kuna atakayesema loki wa raga wa uwanja wa Kyadondo angeiweza kazi hii. Ana mabega na urukaji wa lainiauti, tunakubali, lakini hiki hana, na ndicho kingemchukua muda mrefu zaidi kujifunza.

Tuje Indianapolis, kwenye vipimo vya Februari na Machi ambako timu huwapima vijana kabla ya drafti. Kittle alipima mita 1.93 na kilo 112. Yadi 40, ambazo ni mita 36.6, alizikimbia kwa sekunde 4.52. Aliruka juu sentimita 89, akaruka mbele kutoka kusimama mita 3.35, na akanyanyua chuma cha ratili 225, karibu kilo 102, mara 18. Watu wote walizungumzia 4.52. Sisi tungezungumzia mita 3.35. Kuruka mbele kunapima nyonga zinavyofyatuka, na nyonga hizo hizo ndizo zinazomgonga endi na ndizo zinazomtoa mtu kwenye kona ya njia ya kudaka. Ukiwa na utepe wa kupimia na uwanja mkavu unaweza kumpima kijana yeyote Lugogo bila mashine; mita 3.05 kwa mwenye kilo 110 tayari ni jambo la kusimamia. Benchi 18 si kitu cha kutangaza, wala si cha kuogopesha, kwa sababu hakuna anayezuia akiwa amelala chali.

Kwa hiyo karatasi inasema hana takwimu, video inasema anazuia mpaka filimbi, utepe unasema mwili wake ni wa raundi ya 2. Mashahidi wawili dhidi ya mmoja, na yule mmoja tumeshaona alikuwa anaongelea timu kuliko mtu.

Kulinganisha kunasaidia. Namba 145, nafasi moja tu kabla yake, Denver Broncos walimchukua Jake Butt wa Michigan, mshindi wa tuzo ya John Mackey ya 2016 inayotolewa kwa taiti endi bora wa vyuo. Huyo takwimu alikuwa nazo. Kilichomshusha ni goti: kano ya mbele ilichanika kwenye Orange Bowl, mechi ya kufunga msimu wa vyuo, mwishoni mwa Desemba 2016. Hilo ni tundu. Linashoneka, lakini mnunuzi analipia msimu wa kwanza asioupata, na mkataba wa mchezaji wa drafti ni miaka minne tu. Mguu wa Kittle nao ulihitaji ripoti ya daktari kabla ya kuandika jina, na timu iliyoruka hatua hiyo haikufanya kazi yake. Ila mtu aliyekuja kukimbia 4.52 kwa miguu hiyo hiyo alikuwa amejibu sehemu kubwa ya swali.

Mfano wa upande wa pili ni Mark Andrews wa Oklahoma, aliyeshinda Mackey ya 2017 kwa mipira 62, yadi 958 na tachidauni 8. Baltimore Ravens walimchukua namba 86 mwaka 2018, raundi ya 3, baada ya kumchukua taiti endi mwingine, Hayden Hurst, namba 25. Kwa Andrews hoja iligeuka: kudaka kulionekana, kuzuia hakukuonekana, kwa kuwa Oklahoma walimweka mbali na laini. Safu ileile ya “hakuulizwa”, kazi nyingine. Na Hurst? Alikuwa anakaribia miaka 25, akitokea besiboli. Umri ni kasoro isiyofulika hata kidogo: mwenye miaka 24 anayewasukuma vijana wa miaka 19 hujui unaona nguvu au unaona siku za kuzaliwa.

Jimmy Graham ndiye ukingo wa hoja yenyewe. Alicheza mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Miami, kisha msimu mmoja tu wa futiboli, mipira 17, na New Orleans Saints wakamchukua namba 95 mwaka 2010. Hapo ulikuwa unanunua urefu na mikono, na kuzuia ulikuwa unajua hupati. Ni ununuzi halali, ila ni wa timu yenye kwotabeki anayejua kuutundika mpira juu. Timu ya kukimbia ikimnunua mtu wa namna hiyo imejinunulia mgogoro.

Ndiyo sababu kasoro tuliyompa Kittle haiko mwilini mwake, iko kwenye njia zake. Iowa walimtuma njia chache: moja kwa moja katikati ya walinzi wa nyuma, kuvuka uwanja baada ya danganya ya kukimbia (kujifanya mbio kisha kurusha), kutoka fupi pembeni. Kugeuka mbele ya beki aliyemganda na kumpoteza kwa nyonga, hatukuona vya kutosha kusema anaweza. Hapo hatumpi alama ya bure. Tungempa 9 kati ya 10 kwa kuzuia mbio, 8 kwa mwili, 6 kwa njia, na 5 kwa uthibitisho wa kudaka akiwa amebanwa.

Mnunuzi naye anaamua bei. Kocha Kyle Shanahan alikuwa ndio kwanza ameingia 49ers mwaka ule, na mchezo wake unaanzia kwenye mbio zile zile za ukanda wa nje na danganya inayotoka ndani yake. Raundi ya 3 ya drafti hiyo hiyo walikuwa wameshamchukua C.J. Beathard, kwotabeki wa Iowa aliyekuwa akimrushia Kittle. Hawakuhitaji kukisia. Timu inayomtandaza taiti endi pembeni kama winga ingekuwa na haki ya kusita, na tusingeicheka.

Kingine cha kuangalia kwa mtu wa bei hii ni kazi za mateke. Kikosi ni watu 53, si wote wanaovaa siku ya mechi, na timu nyingi hubaki na mataiti endi watatu. Wa tatu asiyejua kukimbiza panti (teke la kuwaachia wapinzani mpira) na kuzuia kwenye teke la kuanzia huishia na koti benchi. Mzuiaji mwenye kasi hupata jezi tangu wiki ya kwanza, hata kabla hajadaka mpira mmoja, na hapo ndipo hatari ya kununua inapopungua.

Anayetaka kujaribu jicho lake mwenyewe ana bahati ya saa. Raundi ya 1 huja kwetu saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, ya 2 na ya 3 saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi, lakini raundi ya 4 huanza Jumamosi saa moja jioni, umekula, umeme ukiwepo. Andika majina ya mataiti endi waliobaki, na mbele ya kila jina weka safu mbili: alichoshindwa, ambacho hakuulizwa. Raundi ya 5 ikifunguka na bado kuna jina lenye safu ya kwanza tupu, angalia taarifa ya daktari, kisha angalia ni timu gani inayofuata kuchagua na kama inakimbia na mpira.