Tochi ya kulindia shamba dhidi ya nguruwe: angalia swichi kabla ya bei

Mahindi ya masika yakianza kubeba, simu yangu haipumziki. Kutoka Kakuyuni hadi Magarini na Marafa, wakulima wanauliza jambo moja: tununue tochi gani ya kufukuzia nguruwe? Msimu huu malalamiko yamezidi maswali. Mama mmoja wa Kakuyuni aliuziwa mjini Malindi tochi mpya ya kuchaji, nzito mkononi, boksi limejaa sifa. Akaingia nayo shambani usiku, ikamwacha gizani hatua chache tu kutoka kwa nguruwe mwenye watoto. Betri ilikuwa imejaa na taa yenyewe nzima. Kilichomponza ni swichi, na karibu kila aliyenipigia ukimsikiliza vizuri utakuta shida yake ilianzia hapo hapo.

Kwanza niliondoe suala la bunduki, maana vijana wanaotazama video za Texas huniuliza hilo kabla ya salamu. Nguruwe wa kule ni kizazi cha nguruwe wa kufugwa waliotorokea porini wakachanganyika na nguruwe mwitu walioletwa kutoka Ulaya. Wanahesabiwa kuwa waharibifu, na mwenye ardhi anaweza kuwawinda usiku kucha kwa bunduki yenye darubini inayoona joto la mnyama gizani. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuurudisha. Nguruwe anayechimbua muhogo wako ni mnyamapori wa hapa hapa, na analindwa na sheria hiyo. Mwenye leseni ya bunduki ya kujilinda hajapewa ruhusa ya kuwinda, na mtego wa waya nao ni kosa. Tulichobakiwa nacho ni ua, mbwa, debe la kupigwa na mwanga, na hapa nazungumzia mwanga.

Video hizo zimetuletea hasara nyingine: watu wananunua tochi za mwanga wa kijani au mwekundu. Mwindaji wa Texas anatumia rangi hizo kwa sababu anataka nguruwe asishtuke, na macho ya nguruwe hayaoni wekundu sawasawa. Wewe unataka ashtuke aondoke. Nunua mweupe.

Usitegemee pia kumwona kwa macho yake. Komba, paka na mbwa macho yao hung'aa ukiwamulika, na ya mamba wa mto Sabaki huwaka mekundu juu ya maji. Nguruwe hana ule utando wa nyuma ya jicho unaorudisha mwanga. Ukimmulika unapata mgongo wa rangi ya udongo, au hata huo hupati, unaona tu majani ya muhogo yanatikisika mahali pasipo upepo. Ndiyo maana mwanga unaotakiwa ni wenye nguvu na unaofika mbali. Boksi likisema mita 300, jua kwamba kipimo hicho huishia pale ambapo mwanga umebaki hafifu kama wa mbalamwezi. Umbali wa kumtambua mnyama, kata nusu.

Sasa swichi. Uzito, rangi, kuingia maji au kutoingia, hayo muuzaji yeyote atakueleza. Hili hatakueleza.

Tochi nyingi za kuchaji zina kitufe kimoja kinachofanya kazi zote. Ukibonyeza mara ya kwanza unapata mwanga mkali, ya pili hafifu, ya tatu ile ya kumwekamweka ambayo vijana wanaiita disko, ya nne SOS, ishara ya kuomba msaada, ya tano inazima. Dukani inapendeza. Shambani unatembea na mwanga hafifu ili usimalize chaji. Unasikia muhogo unakatika, ule mlio wa mzizi mnene unaong'olewa kwa pua, karibu kuliko ulivyodhani. Unataka mwanga mkali. Unabonyeza, inakuja disko. Katika disko huwezi kupima umbali: kila kitu kinaonekana kinaruka, mnyama yuko hapa, halafu yuko pale, na mguu wako hujui unaukanyagishia wapi. Unabonyeza tena uiondoe, inakuja SOS. Unabonyeza tena kwa hofu, imezima. Nguruwe jike mwenye watoto akibanwa hakimbii, anakujia, na ana meno. Mama wa Kakuyuni alipita hatua hizo zote, moja baada ya nyingine, na kidole hakikukosea hata mara moja. Kilifanya kile tochi ilichotengenezwa kufanya.

Sababu ya tochi kutengenezwa hivyo ni biashara. Kitufe kimoja ni rahisi kuliko viwili, na boksi linaloandika aina tano za mwanga linauzika kuliko linaloandika moja. Mnunuzi anahesabu tano anaona amepata faida. Mkulima wa Langobaya ataituma lini SOS, na nani atamjibu?

Kuna ubaya mwingine ndani ya kitufe hicho laini cha ubavuni. Si swichi ya kukata umeme, ni ya kuuamrisha tu, kwa hiyo hata tochi ikiwa imezima betri inaliwa kidogo kidogo. Tena inajibonyeza ndani ya kikapu. Unafika kwenye kibanda cha ulinzi unaitoa, ina joto na chaji imekwisha. Swichi ya mkiani, ile inayosikika ikilia tak, inakata umeme kabisa na inataka nguvu ya kidole gumba.

Ukiwa dukani fanya hivi. Mkono mmoja uweke mgongoni, kwa sababu shambani utakuwa umeshika fimbo. Fumba macho. Washa. Je, imekuja na mwanga ule ule ulioiacha nao? Zima. Je, imezima kwa mbonyezo mmoja? Ikikulazimisha kupitia disko ndipo izime, irudishe kwenye kabati. Kisha lowesha kidole ujaribu tena, maana majani ya mahindi yana umande kuanzia saa tano usiku.

Kwa jaribio hilo, ya kwanza kwangu ni Fenix PD35, nami sifichi kwamba Fenix ndiyo tochi ninayoipenda. Swichi ya mkiani inawasha na kuzima, basi. Kiasi cha mwanga kina kitufe chake ubavuni, na tochi inakumbuka ulipoiacha: uliiacha kwenye mwanga mkali, itawaka na mwanga mkali. Disko limo, lakini hulipati mpaka ukishikilie kile kitufe cha ubavuni kwa makusudi. Betri yake ni ya ukubwa unaoitwa 18650, inatoka, ikichoka unanunua nyingine na tochi inaendelea. Toleo la V3.0 linatajwa kuwa na lumeni 1700, yaani wingi wa mwanga, na kufika mita 357. Usiiweke kwenye kiwango cha juu kabisa usiku kucha, inapata moto na kujipunguza yenyewe. Kiwango kinachofuata kinatosha kumulika shamba la eka moja kutoka ukingo hadi ukingo, na kinadumu. Bei ni kali, sikatai. Lakini ninyi mnanunua tochi ya bei nafuu kila msimu wa mvua, hebu jumlisheni.

Ya pili ni tochi ya kichwa, Fenix HM65R. Ina vitufe viwili, kimoja cha mwanga wa mbali na kingine cha mwanga wa karibu, hakuna kuchanganya. Mikono inabaki huru kupiga debe. Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili. Mwanga ukitoka kwenye paji la uso wadudu wote wa Sabaki wanakuja machoni, na usiku wa ukungu unaona weupe mtupu mbele yako. Inafaa zaidi kwa anayelinda akiwa amekaa kwenye jukwaa kuliko anayetembea. Wapo wanaonitajia Petzl. Ni jina la heshima, lakini zile ndogo za mawe matatu membamba ni za njiani na kambini, hazivuki shamba.

Ya tatu ni Convoy S2+. Swichi yake iko mkiani na inatumia betri hiyo hiyo ya 18650, na ile yenye programu ya ndani iitwayo Biscotti unaweza kuipanga ukachagua kundi la mwanga lisilo na disko. Kazi ni hiyo ya kuipanga: mibonyezo mingi ya nusu nusu, na mzee wa miaka sabini hataiweza. Wewe mjukuu, mpangie, kisha umkabidhi.

Ya nne itawashangaza wengine: tochi ya zamani ya bati, ya mawe mawili makubwa, yenye swichi ya kusukuma mbele na nyuma. Mwanga wake ni mdogo, haufiki mbali, na mawe hayachajiki. Lakini ukisukuma mbele imewaka, ukirudisha imezima, hata kipofu anaijua. Na mawe yakianza kuisha mwanga unageuka manjano taratibu, unapata muda wa kurudi nyumbani, wakati nyingi za kuchaji zinakatika ghafla. Tatizo ni mawe yenyewe. Tangu kiwanda cha Eveready cha Nakuru kifungwe mwaka 2014 tunategemea ya kuagizwa nje, na ya bei ya chini yanavuja maji yanayokula chuma. Toa mawe kila asubuhi. Kwa tochi yoyote ile, sisi wa pwani tupanguse ile springi kwa kitambaa kikavu, chumvi ya hewani haina huruma.

Zile za plastiki za kuchaji kwenye soketi ya ukutani, zenye taa ya pembeni na redio, ni za nyumbani umeme ukipotea.

Kwa ndugu zetu wa Lamu, upande wa Witu, Hindi na Mpeketoni, mwanga mkali usiku una mambo yake. Tangu mashambulizi ya mwaka 2014 mmeishi na doria na vipindi vya kafyu. Kabla ya kuanza zamu za shamba, chifu na mzee wa nyumba kumi wajue nani yuko shamba lipi, na doria isikute tu mwanga unazunguka porini.

Nije kwa wauzaji, maana hapa ndipo roho yangu inapochafuka. Betri ya 18650 ina upana wa milimita 18 na urefu wa 65. Katika nafasi hiyo, betri nzuri unazopata madukani huishia karibu 3500 mAh, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. Ingia duka lolote karibu na stendi ukaone zilizoandikwa 9900. Huo ni uongo uliochapishwa, unauzwa mchana, kwa mtu aliyeuza magunia mawili ya mahindi ili ayalinde yaliyobaki. Ukimuuliza muuzaji anakwambia, "Dada, hiyo ni orijino, ya jeshi." Jeshi gani? Mwombe aizime taa ya duka mjaribu pamoja, anasema utamharibia biashara. Na bei inapanda pale pale mahindi yanapobeba, kisha inapanda tena ukionekana umetoka mashambani na kikapu.

Halafu kuna kile kibao nyuma ya kaunta: mali ikishauzwa hairudishwi. Watu wanakisoma wanarudi nyumbani na hasara yao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 ipo pia. Kibao hakijapitishwa na bunge lolote. Kwa hiyo dai risiti yenye jina la duka, tarehe na aina ya tochi, si karatasi iliyoandikwa "tochi 1". Mwambie muuzaji aandike kwa mkono wake muda wa waranti na kiasi cha betri alichokutajia. Akisita kuandika 9900 kwenye risiti aliyoitia sahihi, umeshapata jibu la betri hiyo. Boksi usilitupe mpaka mavuno yaingie ghalani.