Jaketi la wavu, helmeti na mkoba wa maji: mwaka wangu kati ya Tabora na Ipole

Mimi ni mnunuzi wa asali. Msimu ukikolea, wiki haiishi sijaenda Sikonge mara mbili, na mara nyingi naunganisha hadi Ipole, pale njia inapogawanyika, moja ikielekea Mpanda na nyingine Rungwa. Natumia pikipiki aina ya Boxer 150. Kwa miaka minne nilivaa kama wengi wetu tunavyovaa: koti zito la baridi la mtumba hata Oktoba, helmeti ya elfu ishirini, na raba zilizochoka. Mwaka jana nikaamua kubadilisha vitu vitatu. Naandika baada ya kuvitumia kiangazi na masika, maana kifaa cha pikipiki ukikisifia siku ya kukinunua unajisifia pesa yako.

Jaketi nililipata kwenye mitumba hapa Tabora mjini kwa shilingi 40,000, kutoka 60,000 aliyoanza nayo muuzaji. Ni jeusi, kifua na mikono ni kitambaa cha wavu, mabegani na viwikoni kuna pedi ngumu. Yule kijana hakujua anauza nini. "Kaka, hilo koti la chandarua, mbu hawakugusi," akaniambia, wenzake wakacheka. Nilichomoa pedi moja ya kiwiko nikaitazama: ilikuwa na muhuri wa EN 1621-1 na namba 1. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha pedi za mabega, viwiko na magoti. Kuna daraja la 1 na la 2, na la 2 ndilo linalopunguza zaidi nguvu ya kipigo. Ya mgongoni nayo nikaichomoa, nikakuta kipande cha sponji tu kisicho na muhuri wowote. Kwa hiyo ukinunua, chomoa zote. Usiridhike na ya begani kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono.

Mwezi wa kwanza wa kulivaa nililichukia. Ilikuwa Oktoba, jua la utosi, natoka Ipole na madumu mawili ya asali nyuma. Asubuhi nilikunywa chai, njiani nikanywa nusu ya chupa ndogo ya maji. Kabla ya Sikonge kichwa kikaanza kugonga. Nilipoingia mjini bodaboda akakatiza mbele yangu. Nilimwona vizuri kabisa, ila mkono ulichelewa kufika kwenye breki. Nikapaki chini ya mwembe. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo akanitazama, akasema, "Mwanangu, midomo imekukauka kama udongo," akanipa kikombe cha maji kabla sijaomba.

Nikalilaumu jaketi. Nilifika nyumbani nikalitupa kabatini, nikamwambia mke wangu limenipika. Yeye ni muuguzi. Hakuniuliza habari za jaketi. Aliuliza, "Leo umekojoa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Rangi gani?"

Kama chai ya rangi. Akasema basi, usilisingizie koti.

Ukiwa shambani unatoka jasho, shati linalowa, unajua umepoteza maji. Juu ya pikipiki upepo unakausha jasho kabla hujalihisi, kwa hiyo unafika ukiwa mkavu na unajiona hukutoka jasho kabisa. Na jaketi la wavu linaharakisha jambo hilo hilo: linakupoza kwa kutumia maji ya mwili wako. Ubaridi ninaousikia kifuani nikiwa kwenye kilomita 60 kwa saa naulipia kwa jasho. Linafanya kazi yake barabara, mradi na wewe uwe na maji ya kulilisha. Kiu nayo huchelewa kuja. Ukiisikia, deni limeshaanza.

Ndipo nikaagiza mkoba wa maji wa mgongoni kutoka Dar, shilingi 30,000, ukaja kwa basi. Ndani una mfuko wa lita 2 na mrija unaopita begani hadi mdomoni. Faida yake kubwa ni kwamba mrija unapita chini ya kidevu cha helmeti, kwa hiyo kunywa hakudai kusimama, kuvua na kufungua chupa, na ndiyo maana sasa nakunywa. Mimi huvuta mafunda mawili matatu kila baada ya dakika 20 hivi, barabara ikiwa nyoofu. Kasoro zake: maji ya mwanzo kwenye mrija huwa ya moto kwa jua, na wiki mbili za kwanza yalikuwa na ladha ya plastiki. Mrija usipooshwa na kuanikwa unaota ukungu.

Na usitie kitu chochote humo zaidi ya maji. Mimi, kwa akili za mtu wa asali, nilichanganya asali na ndimu nikidhani nimegundua dawa, kisha nikausahau mkoba siku nne. Nilipoufungua nilikuta nimebeba wanzuki, pombe ya asali, mgongoni. Siku za jua kali sana nabeba chupa ya pembeni yenye mchanganyiko alionifundisha mke wangu: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vya kusawazisha. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, nalowanisha fulana kabla ya kuvaa jaketi, na upepo unafanya yaliyobaki. Masika ujanja huo hauna maana.

Helmeti ndiyo iliyonigharimu zaidi, 110,000. Ile ya elfu ishirini niliibandua ndani nikakuta sponji ya godoro imegundishwa kwenye plastiki. Helmeti ya kweli, chini ya kitambaa, ina povu gumu jeupe kama la maboksi ya kuhifadhia samaki. Hilo ndilo linalopondeka kwa niaba ya fuvu, na likishapondeka mara moja halirudi, hata kama nje hakuna mkwaruzo. Alama ya kutafuta ni herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, kwenye kitambaa kilichoshonwa katika mkanda wa kidevuni. Stika ya nyuma mtu yeyote anachapisha. Mke wangu hupenda kunitajia mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Namwelewa, ila sidhani ile ya godoro ilihesabiwa. Ikubane mashavu kidogo, na ukijaribu kuisukuma kutoka kisogoni ije mbele isichomoke. Lawama yangu: kioo kinashika mvuke mvua ikinyesha, na vumbi ukilifuta kikavu linachora. Mwagia maji kwanza.

Masika niliteleza kwenye utelezi wa udongo mwekundu, kwenye kilomita kama 30 kwa saa. Kiwiko kilitua kwanza, pedi ikapokea, mkono ukabaki mzima. Goti, lililokuwa na suruali ya kawaida tu, bado lina kovu. Glavu za fundi za 5,000 ziliokoa viganja, ingawa zilichanika.

Kosa moja la jaketi halina tiba: rangi. Kupita Sikonge, msitu wa miombo una mbung'o, na mbung'o hufuata kitu kinachotembea, hasa cheusi au bluu. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wavu wa jaketi haumzuii hata kidogo. Walinidunga kupitia chandarua changu hadi nikasimama nikajipiga kama mwehu, na mdudu huyo ndiye anayeeneza malale. Sasa ndani navaa fulana nzito ya mikono mirefu, rangi ya khaki, na juu rifleta ya njano. Wamepungua, hawajaisha.

Nimemwomba yule kijana wa mitumba akipata la kijivu au la khaki aniwekee, lenye pedi zote. Wiki iliyopita alinipigia akisema chandarua kipya kimefika. Nilikwenda. Kilikuwa cha bluu.