Kivunja kioo cha kwenye funguo: nimekitumia kwenye filamu

Hiki kidude kinauzwa Kariakoo kwenye maduka ya urembo wa magari, palepale wanapotundika manukato ya gari. Ni kiplastiki cha kufunga kwenye funguo: upande mmoja kiwembe cha kukatia mkanda, upande wa pili pini ya chuma inayosukumwa na springi. Kimekusudiwa dereva aliyenasa ndani ya gari. Mimi kazi yangu ni propsi, yaani vifaa vya kuigizia kwenye filamu, nakitumia kuvunjia vioo vya magari mbele ya kamera, na kwa bei yake sijaona cha kukishinda.

Watu wataniuliza, kioo bandia cha sukari je? Sukari, glukosi na maji, unachemsha hadi nyuzi 150 hivi za selsiasi, unamwaga kwenye trei. Kwa chupa ya kumpasulia mtu kichwani ni sawa. Ila kwa unyevu wa Dar kinaanza kunata taa hazijakaa sawa, na sisimizi wanafika seti kabla ya staa. Cha rezini kinavumilia zaidi, lakini kikipasuka kinatoa vipande virefu vyenye ncha, mambo ya dirisha la nyumba hayo. Kioo cha mlango wa gari kimepashwa moto kikapozwa ghafla. Ukikijeruhi mahali pamoja tu kinamwagika chote, punje punje kama chumvi ya mawe. Mtazamaji aliyewahi kuvunjiwa kioo kwenye foleni humdanganyi.

Kwa hiyo natumia kioo halisi cha gari, kinachovunjwa na mtu asiyeonekana.

Kwenye tukio la jambazi na gari la Toyota IST, mwigizaji alishika nondo ya sponji iliyopakwa rangi ya kutu. Siti ya dereva ilikuwa tupu. Kijana wangu alijikunja nyuma yake, miwani ya fundi usoni, glavu za ngozi, blanketi zito hadi shingoni, kidude kakigandamiza kwenye kona ya chini ya kioo. Nondo inagusa, anasukuma, tak! Kioo chote kinageuka cheupe na kushuka. Jambazi nilimvalisha miwani ya jua na mikono mirefu, maana punje zile ni butu lakini zinakwaruza. Dada anayeibiwa alipigwa picha baadaye, kioo kikiwa kimeshatolewa kabisa, mapajani kamwagiwa punje laini za silikoni. Ukiunganisha, unaapa alikuwepo.

Kabla ya yote soma maandishi ya konani mwa kioo. Kwenye magari mengi ya Kijapani utakuta TEMPERLITE, hicho kinavunjika. Ukikuta LAMISAFE, ambayo ndiyo ya kioo cha mbele, achana nacho: ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando katikati, pini itakuachia kidoa tu. Na tinti ibandue. Ikibaki, kioo kinapasuka halafu kinaning'inia kama kilivyo, na dairekta anakuangalia wewe.

Kasoro kinazo. Ile "tak" inaingia kwenye maiki, fundi sauti atanuna, mwambie sauti ya kioo itawekwa studio. Pini inakuwa butu ukiitumia mfululizo, nunua viwili. Na feki zipo, springi zake legelege. Dukani omba kipande cha mbao, ukigandamiza lazima kiache tundu la kuonekana, la sivyo rudisha.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Vioo vya used vya IST utapata mtaa wa Gerezani, Dar, chukua na cha akiba kwa sababu kila teki, yaani kila mkirudia kupiga picha, inakula kimoja. Bajeti ambayo watu husahau ni ya usafi: punje nyingi hutumbukia ndani ya mlango, na mwenye gari atazisikia kila akifunga. Fungua kava la mlango, vuta zote kwa mashine, weka kioo kipya, ndipo umrudishie gari lake.