Miche ya maua ya zambarau hafifu kwenye vitalu vya barabarani Goma: upi ununue, upi uuache

Brunfelsia ndiyo inayostahili pesa yako kwanza. Ua lake hufunguka likiwa zambarau, kesho yake hupauka, kisha huwa jeupe, hivyo kichaka kimoja hubeba rangi tatu kwa pamoja. Wauzaji huianika juani ili ivutie wapita njia. Nyumbani ipe jua la asubuhi, maana la mchana huunguza majani. Ina sumu, hasa kwa mbwa.

Kasoro kubwa ya vitalu hivi ni miche iliyokaa mno ndani ya sashe nyeusi. Igeuze uangalie chini: mizizi ikiwa imejizungusha au imetoboa plastiki, rudisha, hata ukipunguziwa bei. Petunia nayo usiichukue kabla hujaona ua lililofunguka. "Zambarau hafifu" ya muuzaji yaweza kuwa waridi kali.

Tulbaghia haisumbui na inavumilia kiu. Ila majani yakiguswa yananuka kitunguu saumu, kwa hiyo si ya chini ya dirisha. Lantana itambaayo inapendeza sana juu ya kuta za mawe ya volkeno, mradi mbuzi wasiifikie.

Udongo mwembamba juu ya lava hupitisha maji upesi. Chimba shimo la sentimita 40, changanya ndoo mbili za udongo mweusi na moja ya mboji iliyooza vizuri. Majani ya brunfelsia yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma: ongeza mboji, usiongeze maji.