Nimepima damu iliyojificha kwenye choo hapa Mwanza, haya ndo niliyoyaona

Watu wa Mwanza tunaulizana sana habari za vipimo lakini hiki cha choo kila mtu anaona haya kukitaja, mimi haya zilishaniisha mwaka tuliomzika shemeji yangu. Alikuwa mtu wa dagaa, maisha yake yote majini, akienda haja anaona damu, kila akienda zahanati anaambiwa kichocho hicho, anapewa dawa anameza, na kweli sisi wa ziwani kichocho tunacho kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Alipokuja kupigwa kamera, ile inayopitishwa njia ya haja kubwa kutazama utumbo, kansa ya utumbo mpana ilishafika kwenye ini.

Basi mwezi uliopita, nina miaka 48 na sina dalili yoyote, nikaenda maabara moja binafsi mjini kati (jina siweki) nikaomba hicho kipimo, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho ambayo inaweza kuwa dalili ya kansa hiyo. Cha kwanza, uliza ni cha aina gani kabla hujalipa. Kile cha zamani cha kupaka kwenye kadi kinataka choo cha siku tatu tofauti, unakatazwa vidonge vya vitamini C, na nyama nyekundu pia maana kemikali yake haitofautishi damu yako na ya ng'ombe uliyemla jana. Cha sasa wanakiita FIT, kinakamata damu ya binadamu tu, kula nyama choma yako kama kawaida, na choo cha siku moja kinatosha. Mimi nilipata FIT kwa elfu ishirini na tano.

Wanakupa kichupa kirefu kama kidole, kwenye mfuniko kuna kijiti chenye mikato mikato kama skrubu. Unachoma choo sehemu tano sita hivi mpaka ile mikato ijae, basi, hakitakiwi kingi, unarudisha kijiti unafunga unatikisa. Choo kisiguse maji wala mkojo, na nyumbani kwangu choo ni cha kuchuchumaa, nikatandika gazeti kwenye beseni kuukuu kazi ikaisha dakika mbili, kwa kweli nilichokuwa naogopa miaka yote hakipo.

Ila joto jamani! Damu kwenye kichupa inaharibika ikikaa kwenye joto, halafu kipimo kinasoma safi kumbe damu ilikuwepo. Mimi changu kililala kwenye friji, asubuhi nikawahi daladala ya kwanza kutoka Nyegezi. Nafika pale nakuta vichupa vya watu viwili vimewekwa dirishani jua linavipiga, nikamwambia kijana wa maabara kwa upole, akavitoa, lakini hili walipaswa kulijua wao. Na yule dada wa mapokezi kuita "wa choo nani?" mbele ya foleni nzima, watu wazima na wake zao wamekaa pale, si vizuri hata kidogo, mtu mwingine angeinuka akaondoka.

Majibu dakika kumi tu. Mstari mmoja maana yake damu haijaonekana, miwili ipo. Mimi mmoja. Nikapewa karatasi imeandikwa hakuna damu, mhuri, kwaheri, na hapa ndo nimewapunguzia nyota mbili nzima, hakuna aliyeniambia nirudie lini. Vile vinyama vinavyoota kwenye utumbo, ambavyo vingine baadae ndo vinageuka kansa, havitoi damu kila siku, leo vimenyamaza kesho vinatoa, ndo maana Marekani wanaotumia kipimo hiki wanarudia kila mwaka kuanzia miaka 45, Uingereza kila baada ya miaka miwili na kichupa wanakutumia mpaka nyumbani kwa posta. Sisi posta haituletei kwa hiyo andika tarehe mwenyewe kwenye simu. Na kama damu unaiona kwa macho, au unapungua mwili, au choo kimebadilika wiki kadhaa, nenda kwa daktari moja kwa moja hata kama karatasi inasema safi.

Kilichoniuma zaidi ni mzee niliyekaa naye benchi moja. Yake ilitoka mistari miwili, mtu mmoja wa pale akamwambia hicho kichocho tu mzee, pitia duka la dawa. Nilimwona shemeji yangu kabisa pale. Inaweza ikawa kichocho kweli, inaweza ikawa bawasiri, lakini kichocho kina kipimo chake cha kutafuta mayai kwa darubini, kikiwepo kinatibiwa, na haja ya kamera inabaki palepale, kimoja hakifuti kingine. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mzee wangu naomba usiishie dukani, panda hospitali ya rufaa Bugando na hiyo karatasi uwaambie unataka kuonana na daktari wa tumbo. Akaniuliza taratibu kamera yenyewe inaingilia wapi, nikamweleza bila kuficha, na kwamba wakikuta kinyama wanaweza kukitoa humohumo bila kukupasua.

Kipimo nakipa nyota tano, maabara tatu, nitarudi mwakani ila nitafika saa moja kamili asubuhi na kichupa changu nakikabidhi mkononi. Yule mzee tulipeana namba, juzi kanipigia, kapangiwa tarehe ya kamera, anauliza ile dawa ya kusafisha tumbo anaanza kunywa saa ngapi, nikamwambia anisomee karatasi waliyompa tukahesabu pamoja.