Epoksi ya West System 105 na 206 kwa faiba ya kaboni: uzoefu wangu Nairobi

Kwa yeyote anayetaka kuanza kutengeneza vitu vya faiba ya kaboni nyumbani, ushauri wangu ni kwamba pesa ziende kwanza kwenye epoksi na mizani, kitambaa kifuate. Mimi natumia rezini ya West System 105 na hadina yake ya 206, kimiminika kinachochanganywa nayo ili igande. Nimeitengenezea madgadi za pikipiki, kifuniko cha betri ya baiskeli ya umeme na vibao vya droni. Bei yake si ya kuchezea, lakini sijajuta.

Kuna hadina ya 205 na ya 206. Ya 205 ni ya haraka: kwenye nyuzijoto 22, mchanganyiko wa gramu 100 hukupa dakika 9 hadi 12 tu kabla haujaanza kuganda. Ya 206 hukupa 20 hadi 25. Anayejifunza achukue 206 bila kufikiria mara mbili, maana kitambaa cha kaboni hakikubali kukunjika kwenye kona mpaka ukibembeleze, na muda huo huwezi kuupata kwa 205. Ukimaliza kukoroga, mimina kwenye trei pana. Epoksi hutoa joto yenyewe, na ikirundikana kwenye kikombe joto hilo halina pa kupitia: kikombe kinaanza kufuka moshi huku bado umeshika brashi.

Uwiano ni 5 za rezini kwa 1 ya hadina. Pampu zao ndogo zimepimwa hivyo, unabonyeza mara moja huku na mara moja kule. Kwa kazi ndogo naona mizani inayosoma gramu ni bora zaidi. Hapa mafundi waliozoea faibaglasi ya poliesta ndipo wanapoteleza. Kwenye poliesta, ukitaka ikauke haraka unaongeza matone ya ile dawa ya kukaushia (katalisti). Epoksi haiko hivyo. Hadina ni sehemu ya gundi yenyewe, inaungana na rezini kwa kiasi maalum, na ukiizidisha ile ya ziada inabaki ndani bila mwenzake. Unapata kitu chenye ulaini wa mpira ambacho hakitakauka hata ukikianika wiki nzima.

Kesho yake utakuta uso una utelezi kama wa nta. Usianze kupiga msasa. Osha kwanza kwa maji na sponji ya kusugulia vyombo, la sivyo utausambaza utelezi huo na tabaka linalofuata litabanduka. Ukilaza juu kile kitambaa cha nailoni cha kubandua kabla epoksi haijaganda, kikitoka kinaondoka na utelezi wote na kuacha uso mkavu, wenye mikwaruzo inayofaa kushikiwa.

Sasa nguvu. Weusi unaong'aa haubebi mzigo wowote. Uzi wa kaboni una nguvu ajabu unapovutwa kwa urefu wake, na karibu hauna msaada ukisukumwa kwa ubavu. Chukua kibao cha droni ambacho matabaka yake yote yamelazwa wima na mlalo, kishike pembe mbili ukipinde kama unayekamua nguo: kinakubali. Tengeneza kingine cha uzito uleule, ila matabaka mawili uyageuze digrii 45, na mkono unagonga mwamba. Epoksi ni ileile, kitambaa ni kilekile. Unene nao una hesabu yake: kibao kikiongezeka unene mara mbili, ukakamavu unapanda mara 8. Ndiyo maana kuweka povu gumu jepesi katikati ya matabaka mawili membamba kunalipa kuliko kurundika kaboni ya bei ghali.

Kwa vakyumu, yaani kunyonya hewa kwenye mfuko unaofunika kazi ili matabaka yabanwe, natumia kompresa ya friji la zamani, na inatosha. Inavuta hewa polepole, kwa hiyo mfuko lazima uzibwe vizuri kwa utepe wa mastiki. Tega sikio, tundu lolote litapiga mluzi mwembamba. Mfuko ukishika, unaona kitambaa kikizama kwenye kona za kalibu na vitone vya epoksi vikichomoza juu, vikinywewa na kitambaa cha kufyonza. Wa Nairobi wasishtuke geji ikikataa kufika bar -1. Mombasa, usawa wa bahari, pampu nzuri inakaribia hapo. Huku kwetu, mita 1,700 hivi juu, hewa yenyewe ina takriban kilopaskali 83, kwa hiyo geji itaishia karibu na -0.83. Hiyo bado ni zaidi ya tani 8 kwa kila mita ya mraba. Pampu yako ni nzima.

Malalamiko yangu ni ya kitambaa, wala si ya epoksi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniuzia kitambaa cheusi kilichokuwa faibaglasi iliyotiwa rangi. Kaboni inapitisha umeme: gusa ncha mbili za uzi mmoja kwa malitimita, ikisoma, hiyo ni kaboni. Isiposoma, rudisha. Sifa hiyohiyo ndiyo hatari ya vumbi lake, linaweza kupiga shoti mashine, kwa hiyo piga msasa wa maji. Glavu na barakoa ya kuchuja vumbi na mvuke si hiari. Na ukifunga kaboni moja kwa moja kwenye alumini, unyevu ukiingia alumini italika. Tenga kwa tabaka moja la faibaglasi.

Kasoro ya kweli ya epoksi hii ni joto. Inaanza kulegea kwenye nyuzijoto 50 hivi, na kitu cheusi kilichoegeshwa juani kinapita hapo. Kifuniko cha betri nimekipaka rangi nyeupe kwa sababu hiyo tu. Karibu na ekzosi usiitumie kabisa. Jua pia linaigeuza manjano, kwa hiyo juu yake iwekwe vanishi ya kuzuia miale. Anayetaka mfumo wa kitambaa uonekane safi atumie hadina ya 207, uwiano wake kwa ujazo ni 3 kwa 1.

Foku za baiskeli, usukani na lever za breki sitengenezi, na sishauri mtu atengeneze nyumbani. Chuma kinapinda kwanza ukaona. Kaboni yenye kiputo cha hewa ndani inakatika ghafla, na kiputo hicho macho hayakioni.

Anza na pakiti ndogo kabisa. Hadina ni kemikali inayounguza na usafirishaji wa ndege una masharti, hivyo ukiipata kwa wauzaji wa vifaa vya boti waliomo nchini utaokoa usumbufu. Ikikaa muda ikageuka nyekundu kidogo usiitupe, bado inafanya kazi.